Mpokea Viraka

Ukivuka daraja la Sabaki ukitoka Malindi, barabara inakupitisha Mambrui, Gongoni na mashamba ya chumvi hadi Marereni. Ukikata kushoto unaingia bara, kuelekea Marafa na korongo lake jekundu la Nyari. Eneo lote hilo ni Magarini. Baharini, mbele ya Ngomeni, yapo majukwaa ambayo Waitaliano waliyatumia kurushia setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo ya setilaiti hizo ilipewa jina Uhuru kwa sababu iliruka Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha siku ya uhuru wake, na ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Miaka 40 baadaye, ripoti ya zahanati iliyo mwendo mfupi kutoka ufuo huohuo ilikuwa bado inasafiri kwa karatasi, ndani ya bahasha, kwa matatu.

Kila mwisho wa mwezi muuguzi alikaa na madaftari yake akahesabu: watoto walioharisha, waliopatikana na malaria, akina mama waliokuja kliniki mara ya kwanza, chanjo zilizotolewa. Jumla zilijazwa kwenye fomu, MOH 705 kwa wagonjwa wa nje, MOH 711 kwa uzazi na VVU, na nyingine nyingi, kila mradi na yake. Kufikia tarehe 5 ya mwezi uliofuata fomu zilitakiwa ziwe zimefika wilayani, ambako afisa wa rekodi za afya alizinakili upya kwenye jedwali la kompyuta na kulituma Nairobi. Namba moja iliandikwa mara tatu au nne kabla ya kumfikia mtu wa kuitumia. Ikikosewa njiani, aliyeiandika mwanzo hakupata habari.

Mwaka 2011 wizara iliuchukua Mkoa wa Pwani kuwa mahali pa kujaribia mfumo mpya, DHIS2. Programu hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, nayo ni huria: yeyote anaweza kuichukua bila malipo, kuusoma msimbo wake na kuubadilisha. Kilichofuata husimuliwa zaidi kama habari ya modemu na intaneti. Upande wa pili hausemwi sana. Programu iliyoandikwa Oslo ikionekana ina kasoro Gongoni, marekebisho yanapita mikono ya nani mpaka yarudi Gongoni? Kulijibu swali hilo kunataka kurudi nyuma kidogo, kabla ya simu za mkononi na kabla ya intaneti yenyewe kuenea.

Marekebisho hayo huitwa viraka, na kiraka cha programu ni faili la maandishi tu. Mistari inayotangulizwa alama ya kutoa ndiyo ya kung'olewa. Yenye alama ya kujumlisha ndiyo ya kupachikwa. Juu na chini yake huachwa mistari mitatu hivi isiyoguswa, ili mpokeaji ajue mahali hasa pa kukishonea. Programu ya kulinganisha mafaili mawili na kutoa orodha hiyo ya tofauti, inayoitwa diff, ilitoka maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1974. Ile ya kuichukua orodha na kuiingiza kwenye faili la mtu mwingine, patch, iliandikwa na Larry Wall na kutolewa 1985. Kabla yake, aliyerekebisha alituma faili zima, au alimweleza mwenzake kwa maneno ni mstari upi abadilishe. Baada yake mistari kumi ilitosha, na watu wawili ambao hawajawahi kuonana waliweza kuitengeneza programu moja.

Urahisi huo ulileta tabu yake: viraka vilizidi wapokeaji. Mfano mzuri ni wa programu ya seva ya wavuti iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois na kijana aitwaye Rob McCool. Alipoondoka chuoni katikati ya 1994, viraka viliendelea kuja lakini hapakuwa na mtu wa kuvipokea. Kila mwenye tovuti alibaki na vyake, na seva zilizokuwa pacha zikaanza kutofautiana. Februari 1995 wanane kati yao walikubaliana kuvikusanya mahali pamoja. Aprili mwaka huo wakatoa toleo la kwanza la Apache, ambayo baadaye ikaendesha sehemu kubwa ya wavuti duniani. Walichojenga kwanza kabisa kilikuwa utaratibu wa kupiga kura juu ya viraka: alama +1 kwa anayekubali, -1 kwa anayekataa, na anayekataa lazima atoe sababu ya kiufundi. Msimbo wenyewe walikuwa wameurithi.

Linux ilipita njia ngumu zaidi. Tangu 1991 Linus Torvalds alivipokea viraka mwenyewe kwa barua pepe, akavisoma, akavitia au akavinyamazia. Kunyamaziwa ndiko kulikowaudhi watu. Kufikia 1998 viraka vilikuwa vinapotea kwenye sanduku lake la barua, waliovituma wakivirudia tena na tena bila kujua kama vimekataliwa au havijaonekana, na ugomvi ukazuka hadi Torvalds akajitenga kwa muda. Suluhisho likaja kwa vipande. Wasaidizi wake walipewa kila mmoja eneo lake la kusimamia. 2002 wakaanza kutumia chombo cha kampuni cha kufuatilia mabadiliko. 2004 ukawekwa utaratibu wa kila mchangiaji kuandika jina lake chini ya kiraka kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Kampuni ilipoondoa ruhusa ya bure ya chombo chake mwaka 2005, Torvalds aliandika chake, Git, ambacho kilianza kujihifadhi chenyewe ndani ya siku chache mwezi Aprili. Karibu kila programu itakayotajwa kuanzia hapa inatunzwa kwa Git leo.

Afrika Mashariki iliingia kwenye historia hii kwa mlango wa hospitali. Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, ulianzishwa mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya Microsoft Access. Ulikuwa zao la ushirikiano wa muda mrefu kati ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Huko Cape Town, miaka michache kabla, watu wa mradi wa HISP walikuwa wamejenga DHIS ya kwanza juu ya Access hiyohiyo ili wilaya za Afrika Kusini, zilizotoka tu kwenye ubaguzi wa rangi, zihesabu wagonjwa wao kwa namna moja. Mifumo yote miwili ilifanya kazi vizuri hadi ilipofanikiwa kupita kiasi. Mradi wa UKIMWI wa AMPATH ulipopanuka Eldoret, faili la Access lilielemewa.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya hukohuko Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret na kukata shauri la kuanza upya. Wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini, na kazi yao wakaiita OpenMRS. Iliwashwa Eldoret Februari 2006. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefika Rwinkwavu nchini Rwanda na Richmond, KwaZulu-Natal.

Na hapo ndipo viraka vilipoanza kugongana. Eldoret walikuwa na maelfu ya wagonjwa wa VVU. Rwanda walikuwa na mahitaji yao, Afrika Kusini yao. Kila timu ilikuwa na waandishi wa msimbo, na kila mmoja aliona jambo lake ni la lazima. Kingeingizwa kila kitu kwenye kiini, zahanati ya Bonde la Ufa ingebeba mizigo ya Kigali isiyoihitaji. Vingekataliwa vyote, kila nchi ingekwenda zake na nakala yake, na baada ya miaka miwili pasingekuwa na OpenMRS bali programu tatu zenye jina moja. Walichochagua ni moduli: kipande kinachojitegemea, faili lenye kiambishi omod, ambalo msimamizi wa hospitali analipakia na programu ikapata uwezo mpya bila kiini kuguswa. Vitabu vya uhandisi huueleza uamuzi huo kama usanifu mzuri wa programu, na ni kweli, lakini ukiutazama kwa karibu ni uamuzi wa kuepusha ugomvi. Mtu anaambiwa: kazi yako tunaithamini, jengee pale, hapa kwenye kiini tuachie nafasi.

Mmoja wa waliojenga pale alikuwa Mganda Daniel Kayiwa, aliyeandika moduli ya XForms ya kubuni na kujaza fomu. Baadaye akawa miongoni mwa watunzaji wakuu wa kiini chenyewe, mtu ambaye jina lake mchangiaji mgeni wa OpenMRS hulikuta chini ya kiraka chake cha kwanza. Njia ya kufika hapo imeandikwa waziwazi. Kasoro hufunguliwa tiketi yenye namba, inayoanza na neno TRUNK kama ni ya kiini. Tiketi hukaguliwa kwanza kama inaeleweka, kisha hutangazwa kuwa tayari kufanyiwa kazi. Mtu huichukua, huandika msimbo pamoja na majaribio ya kuuthibitisha, hutuma ombi lenye namba ileile, na tiketi huhamia kwenye hatua ya ukaguzi. Hapo ndipo maoni huanza. Mara nyingi hayahusu jambo kubwa: nafasi zilizoachwa ovyo, jaribio lililosahauliwa, mabadiliko matatu yasiyohusiana yaliyofungwa kwenye furushi moja. Mgeni huona anasumbuliwa. Mkaguzi anajua kwamba atakayeusoma mstari huo miaka mitano ijayo hatakuwa yeyote kati yao wawili.

Kuna sababu nyingine ya kukawia, na ni ya kitabibu. Ndani ya OpenMRS hakuna safu ya jedwali iitwayo uzito. Kuna kamusi ya dhana, na kila dhana ina namba: katika kamusi ya CIEL, inayotumiwa sana na iliyochukua mengi kutoka Eldoret, uzito wa kilo ni 5089 na urefu ni 5090. Kipimo cha dawa ya mtoto huanzia kwenye ile namba ya kwanza. Kiraka kinachogusa jinsi thamani ya 5089 inavyosomwa au kuzungushwa hakiwezi kupitishwa kwa sababu tu msimbo unapendeza. Mtunzaji anayekubali kila kitu katika programu ya michezo ataudhi wachezaji. Hapa atamdhuru mgonjwa asiyejua hata kama kuna kitu kinaitwa kiraka.

Mwaka 2007 OpenMRS ilijiunga na mpango wa Google ambao wakati huo uliwalipa wanafunzi kuandika programu huria wakati wa likizo, na faida yake ni kubwa; baadhi ya watunzaji wa leo waliingia kwa njia hiyo. Hasara yake haisemwi sana hadharani. Msimu wa maombi unapokaribia, tiketi nyepesi hugombaniwa na viraka hufurika, vingi vikiwa vya kubadilisha neno moja ili mwombaji aonekane ana mchango. Mkaguzi ni yuleyule, saa zake ni zilezile. Mradi ukaweka ngazi za waandishi, kutoka /dev/null kwa mgeni hadi /dev/5, mzaha ambao mtumiaji yeyote wa Linux anauelewa, lakini wenye kazi ya maana: kuonyesha ni nani ameshaaminiwa kukagua kazi za wengine.

Oslo walikuwa na hadithi tofauti. Kazi ya kuiandika upya ile DHIS ya Cape Town kwa Java, ikitumika kwenye kivinjari, ilianza 2004, na mapema 2006 toleo la kwanza likawekwa katika jimbo la Kerala, India. Ndoto ilikuwa kwamba msimbo ungeandikwa kwa pamoja na wanafunzi wa Oslo, Hanoi, Addis Ababa na India. Ikawa ngumu. Waliokuwa karibu na hospitali waliandika kwa haraka ya hospitali: afisa anataka ripoti yake Ijumaa, na ikipatikana Ijumaa amefurahi, hata kama msimbo wake hautafaa popote pengine. Waliokuwa Oslo walitaka kitu kitakachofaa nchi zote. Sehemu ya kazi ya India haikurudi kamwe kwenye shina, yaani msimbo mkuu wa pamoja, na aliyekuwa nayo alilazimika kuirekebisha upya kila toleo jipya lilipotoka. Taratibu kiini kikajikusanya mikononi mwa timu ndogo ya Oslo iliyoongozwa na Lars Helge Øverland. Leseni ilibaki ya BSD, huru kabisa. Ruhusa ya kuandika kwenye shina ikawa ya wachache.

Katika hali hiyo ndipo DHIS2 ilipofika Pwani. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida ya wakati ule: kila wilaya iwekewe programu kwenye kompyuta yake, na data zichukuliwe kutoka huko kupelekwa juu. Mtu anayejua joto la Malindi na umeme wa miaka ile anaweza kukisia hesabu yake. Kila kompyuta ingekuwa seva, kila seva ingehitaji mtu wa kuiondolea virusi, kuitunzia nakala za akiba na kuibandikia kila kiraka kipya, mkoa hadi mkoa. Lakini nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimetua Mombasa mwaka 2009, na kampuni za simu zilikuwa zinauza modemu za kuchomeka kwenye kompyuta. Zilipojaribiwa wilayani, zilishika. Wizara, ambayo Dkt. Ayub Manya alikuwa miongoni mwa wasukuma gurudumu wake, ikabadili mpango: seva moja ya kukodi kwenye wingu, na wilaya zote ziingie kupitia kivinjari. Kufikia Septemba 2011 mfumo ulikuwa umefika nchi nzima, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuendesha takwimu za afya za taifa zima mtandaoni.

Uamuzi huo ulifuta kwa mkupuo mmoja tatizo la kusambaza viraka. Kikishatiwa kwenye seva moja, kimefika Kwale, Lamu na Marafa kwa wakati uleule. Ulileta lingine badala yake. Mtandao wa simu unashika vizuri ukiwa karibu na barabara kuu na kupungua kadiri unavyoingia bara, na hata mjini hukatika. Afisa amejaza nusu ya MOH 711, safu baada ya safu, intaneti inapotea, na kazi ya saa nzima inaondoka nayo.

Hitaji hilo halikufika Oslo kama kiraka. Lilifika kama malalamiko, yakabebwa na watu wa wizara na wa chuo waliokuwa wakizunguka wilayani, na msimbo ukaandikwa na timu ya kiini. Mwaka 2011 fomu za DHIS2 zilianza kutumia uwezo mpya wa vivinjari, wa HTML5, wa kuhifadhi kurasa na data kwenye kompyuta ya mtumiaji. Mtandao ukikatika, ujumbe hutokea juu ya skrini kwamba data zinawekwa hapohapo. Ukirudi, programu huomba ruhusa ya kuzipakia. Afisa anaendelea kujaza. Mabadiliko hayo yaliyochochewa na Kenya yaliingia kwenye shina, na nchi zilizofuata, zikiwemo Uganda na Rwanda, ziliyakuta yako tayari.

Ni rahisi kusema hapo kwamba njia ya Oslo ilishinda: malalamiko yalikwenda, dawa ikarudi, na haraka. Ila tofauti na Eldoret ibaki wazi. Aliyeijua shida hakuigusa programu. Kwa miaka kadhaa Mkenya aliyejua Java aliweza kuusoma msimbo wote wa DHIS2 akiwa Kilifi, akaona mstari wenye kasoro, na bado njia yake ya kuurekebisha ikawa ni kumshawishi mtu wa Oslo. Mara nyingi ilikuwa njia ya busara, kwa sababu mtu wa Oslo alikuwa anaona nchi 30 kwa pamoja. Lakini haikumfundisha mtu wa Kilifi kuwa mtunzaji.

Oslo wenyewe walilitambua hilo, na dawa yao ilifanana na ya Eldoret kuliko walivyopenda kukiri. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 DHIS2 iliruhusu aplikesheni ndogo kupachikwa juu yake na kuzungumza nayo kwa njia zilizowekwa rasmi. Kiini kikabaki kwao, na juu yake kila mtu akajenga. Walioichangamkia nafasi hiyo ni pamoja na kikosi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, HISP Tanzania. Aplikesheni yao ya kadi ya alama, inayopaka kijani, njano au nyekundu kila wilaya kulingana na malengo, ilitolewa kwa nchi nyingine pia kupitia duka la aplikesheni la DHIS2. Waziri akiona wilaya yake nyekundu anauliza. Huo ni mchango ambao usingepita kwa urahisi kwenye mlango wa kiini, na haukuhitaji kupita.

Kazi ya 2011 nayo ilizeeka. Uwezo ule wa kivinjari wa kuhifadhi kurasa, uliookoa fomu za Pwani, ulionekana na wahandisi wa vivinjari kuwa umesanifiwa vibaya, na mwaka 2021 vivinjari vikuu vikauondoa. DHIS2 ikabidi iandike upya ukurasa wake wa kuingizia data. Aplikesheni mpya ikaanza kutolewa na toleo la 2.39 mwaka 2022. Wakati huo ramani ya utawala ilikuwa imebadilika pia. Tangu 2013 mkoa haupo; Magarini ni kaunti ndogo ndani ya Kaunti ya Kilifi, na mfumo wenyewe Wakenya wanauita KHIS. Mti mzima wa vituo ilibidi upangwe upya, wilaya zikawa kaunti ndogo, bila kuzipoteza takwimu za miaka iliyotangulia. Hiyo ni kazi ya aina ambayo hakuna mtu anayeisifu mpaka iharibike.

Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu. Simu hizo hutumia eCHIS, mfumo uliojengwa juu ya programu huria ya Community Health Toolkit, inayosimamiwa na shirika la Medic, lenye wahandisi Nairobi na Kampala miongoni mwa miji mingine. Katika mfumo huu data za Magarini hazianzi kwenye daftari la zahanati. Zinaanza mlangoni kwa mtu, kijijini, mhamasishaji akiuliza kuhusu mtoto mwenye homa na kujaza jibu kwenye simu. Watunzaji wa msimbo nao hawako tena bara jingine pekee. Leseni yake, AGPL, ni kali kuliko ya Oslo: anayeibadilisha programu na kuwahudumia watu kwayo mtandaoni anatakiwa awape watumiaji wake msimbo wa mabadiliko hayo. Kiraka hakifichwi.

Ndani ya hazina ya msimbo huo kuna faili liitwalo messages-sw.properties. Ni maneno yote ambayo mtumiaji wa Kiswahili huyaona kwenye skrini, mstari kwa mstari, kila neno na ufunguo wake, sambamba na mafaili ya Kifaransa, Kihispania na Kinepali. Kazi ya aina hii ina umri wake hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, baada ya watu kukaa na kubishana kila kitufe kiitweje. Mabishano hayo hayakuisha na hayataisha, maana Kiswahili cha Dar hakimkai kila mara vizuri mtu wa Mambrui.

Kulirekebisha faili hilo hakuhitaji ujuzi wa kuandika programu. Kunahitaji mtu anayejua jinsi mama wa Marereni anavyoulizwa kuhusu ujauzito bila kuona haya. Lakini neno lake litapita mlango uleule unaopitiwa na msimbo: ombi lenye namba ya suala, maelezo mafupi ya lilichobadilisha, majaribio ya kompyuta, na mtunzaji wa kulisoma, ambaye huenda hajawahi kuvuka Sabaki na atalazimika kuuliza kwa nini neno hili na si lile. Likikubaliwa linangoja toleo lijalo. Toleo likitoka, linangoja wizara ilitie kwenye seva zake. Baadaye simu inasasishwa, mahali ambapo mtandao unashika.